Kiberenge Mezani: Uhakiki wa Chombo Kidogo cha Reli

Sanaa ya reli za mfano ni sanaa ya watu wenye subira. Mwenye kuipenda hutandaza juu ya meza reli nyembamba kama njiti za kiberiti, hupanda miti ya sifongo kando yake, hujenga stesheni kwa karatasi ngumu na gundi, kisha huendesha treni ya umeme ambayo kichwa chake hakizidi shubiri moja. Katika Ulaya na Marekani sanaa hiyo ina viwanda, vyama na majarida yake. Katika Afrika Mashariki wafuasi wake ni wachache, maana ina gharama na vifaa vyake hutoka mbali. Walakini haistahili kupuuzwa na wanafunzi wa fasihi. Yenyewe hujibu, kwa chuma na rangi, swali lile lile ambalo mtunzi wa shairi na msanifu wa hadithi hulijibu kwa maneno: jambo kubwa la dunia huingiaje mahali padogo bila ya kuacha ukweli wake mlangoni?

Ndani ya sanaa hiyo kimo chombo kimoja ambacho mapenzi ya watu juu yake yahitaji kuelezwa. Si kichwa cha mvuke chenye magurudumu mengi na mngurumo, wala si behewa la daraja la kwanza lenye mapazia madirishani. Ni kiberenge, yaani kile kigari chenye injini ndogo ambacho wakaguzi na mafundi wa njia hupanda kwenda kutazama reli, mataruma na kokoto. Hakichukui abiria wa nauli. Hakivuti shehena ya biashara. Hakina ratiba ya kubandikwa ukutani. Hata hivyo, kiundwe kwa kipimo cha kidole gumba na kuwekwa mezani penye treni za kila namna, na watazamaji watakiinamia hicho. Viwanda vya reli za mfano vinalijua jambo hilo, ndiyo maana vimeunda vigari vya aina hiyo kwa kufuata vile halisi vya makampuni kama Fairmont ya Minnesota na Wickham ya Ware, Uingereza. Kinachotakiwa kujulikana ni kwa nini kiberenge cha mfano hupendeza, na kama uzuri wake ni wa kweli au ni wa kudanganya macho.

Jibu la haraka ni kwamba kinapendeza kwa sababu ni kidogo. Lugha yenyewe huelekea kuliunga mkono jibu hilo. Kiberenge kimo katika ngeli ya ki- na vi-, ngeli ambayo Kiswahili huitumia kudogosha: mtoto huwa kitoto, mlima huwa kilima, gari huwa kigari. Hata kama ki- ya kiberenge haikuwekwa pale kwa nia ya kudogosha, sikio huisikia hivyo, kwa kuwa neno hili husemwa karibu na treni, na treni ni kubwa. Lakini ki- hiyo haina maana moja. Yaweza kubembeleza, kama mama anapotaja kitoto chake. Yaweza kudharau, kama adui anapotaja kijitu. Tena ngeli hiyo hiyo ndiyo makao ya vyombo vya kazi: kisu, kijiko, kiti, kinu, kikapu. Hakuna anayesema kwamba kisu kimepewa jina lake kwa sababu ya udogo. Kisu ni kisu kwa kuwa kinakata. Basi mtu anayekitazama kiberenge cha mfano huweza kukiona kwa jicho la mapenzi, au kwa jicho la dharau, au kwa jicho la matumizi. Mapenzi na dharau yote mawili hukoma kwenye umbo. Jicho la matumizi peke yake huuliza: kazi ya kitu hiki ni nini? Hoja ya uhakiki huu ni kwamba kiberenge hupendeza hasa kwa jicho hilo la tatu, na kwamba msanii asiyelijua huunda kitu kizuri kisichosema neno.

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, zafaa kuwa uwanja wa kuipima hoja hiyo. Mji wa Kibaha umekaa kando ya barabara kuu ya Morogoro, na mji wa Kisarawe umekaa katika vilima vya Pugu. Msafiri wa basi huweza kuifika miji yote miwili bila ya kukumbuka kwamba reli zimo katika wilaya hizo. Lakini zimo, nazo ni za namna tatu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, inapita Soga na Ruvu katika Wilaya ya Kibaha. Upana wake ni milimita 1000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita Mzenga katika Wilaya ya Kisarawe. Upana wake ni milimita 1067, ili ilingane na reli za Zambia. Reli ya tatu ni ile ya umeme yenye upana wa milimita 1435, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nayo ina stesheni Pugu, Soga na Ruvu. Ni sehemu chache za dunia ambazo historia yake ya karne nzima inaweza kupimwa hivi kwa rula.

Kila moja ya reli hizo ilihitaji mtu wa kuitunza tangu siku ya kwanza. Jambo hili msafiri halioni, kwa kuwa kazi ya utunzaji ikifanyika vizuri haionekani. Mvua za masika hulainisha tuta. Jua la kiangazi hurefusha chuma. Uzito wa mabehewa hulegeza bolti moja leo na nyingine kesho. Majani huota kati ya mataruma na kushikilia maji. Kwa hiyo lazima apite mtu asiyekwenda popote, ambaye safari yake ni ile njia yenyewe. Zamani alipita kwa miguu, na sururu, mtaimbo na koleo begani. Baadaye alipanda kiberenge. Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta ingeweza kuandikwa ubavuni mwa chombo hiki bila ya kubadilishwa neno.

Ruvu yenyewe ni ushahidi. Kutoka hapo ilijengwa njia ya kuunganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga, nayo ilifunguliwa mwaka 1963. Katika miaka ya 1990 safari za abiria kwenda Moshi kwa njia hiyo zilikoma, na nyika ikaanza kudai ardhi yake. Zilirejea mwezi Desemba 2019, baada ya njia kufyekwa na kukarabatiwa. Robo karne hiyo haikuvunja reli kwa bomu wala kwa tetemeko la ardhi. Iliivunja kwa kukosa watu wa kupita na kuangalia. Reli huuawa na nyasi kabla ya kuuawa na kutu, na kiberenge ndicho chombo kinachokuja mapema dhidi ya nyasi.

Hayo yakisha kujulikana, ndipo nadharia ya udogo inapoweza kujadiliwa kwa haki. Mwanazuoni wa Kifaransa Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake La Pensée sauvage cha mwaka 1962, alitoa maelezo mashuhuri juu ya vitu vilivyopunguzwa ukubwa. Kwa maoni yake, mtu akitaka kujua kitu kikubwa hukigawa vipande na kukijua sehemu kwa sehemu. Lakini kitu hicho kikipunguzwa huonekana kizima mara moja, na ujuzi wa kizima hutangulia ujuzi wa vipande. Mtu hujihisi ameshika kitu kilichokuwa kikimshinda. Maelezo hayo yanaifaa treni sana. Mtoto aliyesimama kwenye tuta la Soga haioni treni. Aona kichwa, kisha behewa, kisha behewa, kisha vumbi. Mezani huiona yote, tangu kichwa hadi mkia.

Lakini maelezo hayo hayakifai kiberenge. Kiberenge halisi chenyewe huonekana kizima. Hakijapata kumshinda mtu yeyote. Watu wachache huweza kukiinua kutoka relini na kukiweka kando ili treni ipite. Ukikipunguza, hupunguzi kitu kilichokuwa kikitisha. Unapunguza kitu ambacho tayari kimekuwa cha kadiri ya mwili wa binadamu. Kwa hiyo furaha inayopatikana kwa kiberenge cha mfano haiwezi kuwa ile furaha ya kumshinda mkubwa. Yapasa itafutwe penginepo.

Kwanza itafutwe katika uwazi wake. Treni ina kuta, na watu wake ni vichwa nyuma ya vioo. Kiberenge cha zamani hakina kuta: mna ubao wa kukalia, injini, magurudumu manne, pengine na paa la turubai. Mtu aliyemo huonekana mwili wote, pamoja na vyombo vyake vya kazi. Katika kipimo cha 1:87, ambacho ndicho kinachotumika zaidi duniani, kiberenge cha urefu wa meta mbili huwa na milimita 23, na mtu wa kimo cha kawaida huwa na milimita 20 hivi. Mtu na chombo chake karibu walingane. Hakuna chombo kingine cha reli ambacho binadamu hukijaza namna hiyo. Reli za kisasa hutunzwa kwa mashine nzito za kushindilia kokoto, ndefu kupita basi. Nazo zimekwisha kuundwa kwa mfano, kwa ustadi mwingi. Lakini katika mashine hizo fundi amerudi nyuma ya kioo, na anayetazama huistaajabia mashine, hamwoni fundi. Kiberenge hakina mahali pa kumficha mtu.

Pili, itafutwe katika mapatano ambayo udogo huyaleta. Kwa kipimo cha 1:87, upana wa Reli ya Kati huwa milimita 11 na nusu, na upana wa TAZARA huwa milimita 12 na robo. Tofauti yao haifiki milimita moja, na mwundaji huweza kuzitandaza zote mbili kwa reli moja ya milimita 12. Jambo hili si dogo kwa mtu anayeijua nchi. Tofauti hiyo hiyo, katika ukubwa wake halisi wa milimita 67, imewagharimu watu jasho na fedha: huko Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana, ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia shehena kutoka magari ya upana mmoja hadi magari ya upana wa pili. Mezani, kiberenge cha Mzenga hupita Soga bila ya kuomba ruhusa. Msanii amepatanisha, kwa unene wa ukucha, mipango ya tawala na ya zama zilizotofautiana. Hapa mhakiki ana haki ya kusita. Kitu kinachopatanisha kwa urahisi namna hiyo kinaonyesha ndoto, si nchi. Ndoto si dhambi katika sanaa, mradi mwenye kuota ajue kwamba ameota.

Kosa zito zaidi liko katika suala la nguvu. Kuna kigari kimoja mashuhuri cha kampuni ya Bachmann, kilichoundwa kwa kipimo hicho hicho cha 1:87, ambacho kinaiga vigari vya zamani vya kuendeshwa kwa mikono. Sanamu za wafanyakazi zimesimama juu yake zikishika mtaimbo wa kupampu, na kigari kikienda, huinuka na kuinama kama watu walio kazini. Mtazamaji hufurahi. Lakini injini ndogo ya umeme ndiyo inayozungusha magurudumu, na ndiyo inayowainamisha wale watu. Ukweli umegeuzwa nyuma mbele: katika dunia mkono uliendesha gari, na mezani gari linaendesha mkono. Katika mifano mingine isiyo na nafasi ya injini, injini hufichwa katika behewa dogo linalofuatana na kigari, likakisukuma kwa siri.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, siri hiyo ya nani anayesukuma si suala la ufundi tu. Tangu miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wenye cheo mjini Mombasa walisafiri kwa vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba za barabarani, wakiketi kitini chini ya kivuli, nao wanaume wa Kiafrika wakikimbia nyuma na kusukuma. Troli za kusukumwa zilitumika vile vile katika ukaguzi wa njia za reli. Kiti kilikuwa cha mmoja na miguu ilikuwa ya wengine. Injini ilipoingia, ilimpumzisha yule aliyekuwa akikimbia, na hiyo ni sifa ya kiberenge ambayo haisemwi sana. Msanii anayekiunda kiberenge chenye injini anaonyesha, apende asipende, mwisho wa utumishi mmoja. Akijua hivyo, kazi yake huwa na historia ndani yake. Asipojua, ameunda kidude.

Yafaa kazi hiyo ilinganishwe na ile filamu iliyokipa chombo hiki heshima kubwa kuliko kazi nyingine yoyote, nayo ni The Railrodder, iliyotolewa mwaka 1965 na Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada, chini ya uongozi wa Gerald Potterton. Ndani yake Buster Keaton, bingwa wa filamu zisizo na maneno, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 70, anaivuka Kanada kutoka bahari hadi bahari akiwa juu ya kiberenge kilicho wazi. Hasemi neno. Kutoka katika sanduku la chombo anatoa vyombo vya chai na vifaa vingine kana kwamba ndani mna nyumba nzima. Vichekesho vya filamu hiyo vinatoka katika uwazi ule ule uliokwisha kutajwa: mtu mdogo, nchi kubwa, na hakuna ukuta kati yao. Hata hivyo Keaton amekipa kiberenge uhuru kisichokuwa nao. Kiberenge chake hakikagui chochote. Reli yake haina ufa. Yeye ni msafiri, si mtunzaji. Potterton na Keaton walikichukua chombo cha wajibu wakakifanya chombo cha matembezi, na wakafaulu, kwa sababu walijua kwamba kichekesho kinataka mtu aliyepotea katika kazi isiyo yake. Mwundaji wa mfano hana udhuru huo. Yeye ametandaza njia kwa mikono yake mwenyewe, naye anajua kila kiungo chake.

Kwa upande mwingine iko sanaa ya watoto wa nchi, nayo isisahauliwe kwa sababu tu haiuzwi katika maduka ya wapenzi wa reli. Watoto nchini Tanzania huunda magari ya waya na ya makopo, yenye magurudumu ya ndala zilizochakaa au vifuniko vya chupa. Huunda pia kigari cha ubao chenye magurudumu ya beringi kuukuu, mmoja akaketi na mwenziwe akasukuma, kisha wakabadilishana. Kigari hiki hakidai kuwa mfano wa chombo chochote. Lakini kwa umbo ni ndugu wa karibu wa kiberenge: ubao, magurudumu manne, mwili wa binadamu, wala hakuna ukuta. Kwa maana kinakipita kiberenge cha kiwandani, kwa kuwa hakifichi nguvu inayokisukuma, na kwa kuwa anayesukuma atapata zamu ya kuketi. Mfano wa kiwandani una usahihi wa skrubu na rangi; kigari cha watoto kina usahihi wa jasho. Mhakiki anayesifu mmoja na kumsahau wa pili amepima nusu ya kitambaa.

Sasa yapasa kusikiliza pingamizi kali kuliko zote. Yaweza kusemwa kwamba kiberenge cha mfano ni uongo tangu mwanzo, kwa sababu reli ya mezani haina mvua, haina nyasi wala mzigo wa kuilegeza, basi mtunzaji wake hana kazi. Yaweza kusemwa pia kwamba mfano huondoa hatari. Mezani, kiberenge kikigongana na treni, mwenye reli hukiokota kwa vidole viwili na kukirudisha mahali pake. Katika dunia ule wepesi unaopendeza ndio unaoua. Mwezi Machi 2020, mkoani Tanga, katika ile njia inayoanzia Ruvu, kiberenge kiligongana na treni, na watumishi wa reli wakapoteza maisha yao. Njia hiyo ilikuwa imerudishiwa abiria miezi michache tu kabla ya hapo. Mbele ya habari ya namna hiyo, neno “kinapendeza” huwa zito mdomoni. Kwani sanaa ina haki gani ya kuchezea chombo ambacho watu wamekifia?

Pingamizi hilo lisijibiwe kwa kusema kwamba mchezo ni mchezo tu. Ajuaye ufundi wa reli za mfano anafahamu jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halijui. Treni ya mfano hupata umeme wake kutoka katika reli zenyewe, kwa njia ya magurudumu. Kichwa kikubwa kina magurudumu mengi na uzito wa kutosha. Vumbi likiwa katika sehemu moja, magurudumu mengine hupokea umeme penginepo, na safari huendelea. Kiberenge cha mfano kina magurudumu manne tu, yaliyokaribiana, na uzito wake ni mchache. Punje ya vumbi humsimamisha. Kiungo kilichoinuka kidogo humsimamisha. Njia panda isiyounganishwa sawasawa humsimamisha. Mwenye reli akitaka kiberenge chake kitembee, hapana budi asafishe reli yote, inchi kwa inchi, na kukaza kila kiungo. Kwa hiyo kigari hicho, ambacho kilidhaniwa kuwa hakina kazi mezani, kimeipata tena kazi yake ya asili. Kinakagua. Kinasimama mahali penye kasoro na kumwonyesha mwenyewe mahali hapo, ilhali treni kubwa ilikuwa ikipita juu ya kasoro hiyo hiyo siku zote na kuificha.

Hapo ndipo ulipo ukweli wa kiberenge cha mfano, na ndipo ulipo uzuri wake. Uko katika udhaifu ambao umekifanya kiwe chombo cha kuhisi. Mfano wa treni huiga umbo la treni, lakini hauchukui mzigo wala haumfikishi mtu Kigoma. Kazi yake halisi imebaki nje ya meza. Kiberenge peke yake, kikipunguzwa mara 87, kinafanya mezani kazi ile ile kinayoifanya Soga na Mzenga, na kinaifanya kwa sababu ile ile: kiko karibu na reli kuliko chombo kingine chochote, na kila ila ya reli huwa ila yake. Ni nadra katika sanaa za kuigiza kwamba kiigizo kinarithi wajibu wa kitu kilichoigizwa.

Kutokana na hayo hukumu inaweza kutolewa. Wale wanaokiunda kiberenge kwa ajili ya umbo lake peke yake, kikang'aa juu ya reli safi na kokoto zilizopigwa rangi, kando ya tuta lisilo na jani, wamekichukua kisu wakakitundika ukutani. Mfano wa kweli wa njia ya Ruvu ungekuwa na nyasi, zikiwa ndefu mahali na fupi mahali. Ungekuwa na taruma moja jeusi la zamani kando ya mapya. Ungekuwa na kundi la mafundi walioweka sururu chini, na kiberenge kimeinuliwa pembeni, kikingojea treni ipite. Katika picha hiyo kiberenge hakiendi popote, injini yake imezimwa, na mtu anayetaka mchezo wa kasi ataona amepunjwa. Lakini mwanafunzi wa sanaa ataona kwamba hapo tu ndipo vyombo viwili vinapopewa vipimo vyao vya haki: treni inapita kwa fahari, na wale waliokaa kando ndio walioifanya fahari hiyo iwezekane.

Suala hili halihusu meza za wapenzi wa reli peke yao. Nchi iliyojenga njia tatu za reli katika wilaya mbili jirani, kwa muda wa miaka mia na ishirini, imesherehekea mara tatu siku za ufunguzi. Nyimbo huimbwa siku ya kufungua, na picha hupigwa. Siku ya kukaza bolti haina wimbo. Fasihi ya Kiswahili nayo imeelekea kuwatukuza wajenzi kuliko watunzaji, kama ilivyo desturi ya fasihi nyingi za dunia, kwa kuwa ujenzi una mwanzo na mwisho, na hadithi hupenda mwanzo na mwisho, ilhali utunzaji hauna mwisho. Kigari cha milimita 23 kinachokwama juu ya punje ya vumbi kinaweza kumfundisha mtunzi somo hilo bila ya hotuba: kwamba kazi isiyokwisha nayo ina sura, ina mwendo wake wa polepole, na inastahili mtu wa kuiinamia na kuitazama.